Mizabibu ya shangazi, Cardiff: jua dogo na majani yasiyokauka

Simu ya shangazi iliingia jioni moja ya Oktoba 2021, wiki ya mwisho ya mavuno, vidole vyangu vikiwa bado vinanata sukari ya zabibu. Nafanya kazi katika shamba la mizabibu kusini mwa Uingereza. Yeye ni muuguzi mstaafu anayeishi kaskazini mwa Cardiff, mji mkuu wa Wales. Nilimwamkia, akaitikia marahaba upesi upesi, kisha akaingia kwenye shida yake. "Mwanangu, mwaka wa nne huu. Samadi naweka, napogoa kwa mkono wangu mwenyewe, palizi haijawahi kunipita. Ninachoambulia ni majani na uozo. Hebu njoo uone."

Ilinigusa, maana shangazi si mgeni wa zabibu. Amekulia upande wa Bihawana, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Iringa, ambako wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu katika miaka ya 1950. Utotoni alifunga matawi kwenye seng'enge kabla ya kwenda shule, na mpaka leo ukimwonjesha mchuzi wa zabibu, yaani maji yaliyokamuliwa, anakuambia kama zilichumwa mapema. Kwa hiyo hapa hatuna mtu asiyejua kilimo. Tuna mtu anayejua sana, ila anachokijua ni cha Dodoma. Ndiyo sababu nimeona kisa chake kinastahili kuelezwa kwa kirefu: karibu kila alichokosea Cardiff kingekuwa sahihi kabisa nyumbani.

Nilichokikuta uani

Mizabibu ilikuwa mitatu, yote Cabernet Sauvignon, aina ya zabibu nyekundu za mvinyo. Aliinunua 2018 kwenye duka la miche kwa sababu jina hilo alilijua kutoka kwenye chupa. Aliipanda kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba, karibu na mlango wa jikoni, apate kuiona akiwa anaosha vyombo. Nyumba yenyewe inatazama barabara kwa upande wa kusini, kwa hiyo ukuta ule wa nyuma unatazama kaskazini. Mwezi Oktoba hauguswi na jua hata dakika moja.

Ilikuwa saa saba mchana, na mvua ilikuwa imekatika tangu usiku. Niliingiza mkono katikati ya majani, yaliyokuwa mazito kama blanketi, nikautoa umelowa hadi kiwiko. Nilichuma kichala kimoja nikakifungua kwa vidole gumba. Punje za nje zilikuwa zambarau juu na kijani chini. Ndani, pale zinapobanana, kulikuwa na manyoya ya kijivu, na nilipoyapuliza yalitoa vumbi kama majivu ya jikoni. Huo ni ukungu wa kijivu, ambao wataalamu huuita Botrytis cinerea. Unaingia kwenye punje iliyopasuka au kujeruhiwa, kisha unatembea kwa jirani yake kwa sababu zimebanana na hazikauki.

Punje nzima nilizookota katika mizabibu yote mitatu zilijaa kiganja kimoja. Nikazikamua kwenye kioo cha refraktomita, kile kipimo kidogo cha sukari unachokitazama kama darubini. Kilisoma 11, yaani gramu 11 hivi za sukari katika kila gramu 100 za mchuzi. Ukitaka mvinyo mwepesi unaosimama wenyewe bila kuongezwa sukari unahitaji 18 au zaidi. Shangazi alionja punje moja, akafumba macho. "Ukwaju mtupu," alisema.

Majani nayo yalikuwa na mabaka ya njano yanayong'aa kidogo, kama tone la mafuta kwenye karatasi. Alidhani ni njaa ya udongo, ndiyo maana kila mwaka aliongeza samadi. Nilichukua jani lenye mabaka, nikalitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi ya jikoni iliyoloweshwa, nikauacha mezani usiku kucha. Asubuhi, kabla ya chai, tuliufungua. Upande wa chini wa jani, chini ya kila baka la njano, palikuwa pameota manyoya meupe kama pamba changa. Shangazi akalitaja jina mwenyewe: ubwiri vinyoya. Jina analijua, ila ubwiri aliopambana nao zaidi kwao ni ule mwingine, ubwiri unga, ambao hauhitaji jani kulowa na huweza kushambulia hata siku zisizo na mvua. Huu wa vinyoya unataka maji juu ya jani. Wakulima wa Ulaya wana kanuni ya kukumbukia hatari yake: machipukizi yafike sentimita 10, inyeshe milimita 10 ndani ya siku moja, na joto lisishuke chini ya nyuzi 10. Mwezi Mei na Juni, Cardiff hutimiza masharti hayo bila jitihada yoyote.

Hesabu ya joto

Watu wengi wakisikia zabibu Wales wanafikiri adui ni baridi. Mzabibu uliolala wakati wa kipupwe huvumilia baridi kali kuliko inayopatikana Cardiff. Shida iko kwenye joto la msimu wa kukua, na hili linahesabika. Mzabibu huanza kufanya kazi hali ya hewa ikipita takriban nyuzi 10. Chukua wastani wa joto la siku, toa 10, kinachobaki ni akiba ya siku hiyo. Julai ya Cardiff ina wastani wa nyuzi 17 hivi: 7 kwa siku, mara siku 31, unapata 217. Agosti ni karibu hivyo hivyo. Juni inatoa kama 160, Septemba kama 140, Mei 80, Oktoba 40, Aprili karibu na sifuri. Nilijumlisha mbele ya shangazi nyuma ya bahasha: 850 na kidogo kwa mwaka mzima. Cabernet Sauvignon kule kwao Bordeaux, Ufaransa, hupata 1,400 hivi, na bado kuna miaka inalalamikiwa.

Kisha nikamfanyia hesabu ya Dodoma. Wastani wa mwaka kule ni karibu nyuzi 23, yaani akiba ya 13 kwa siku. Joto ambalo Cardiff hulikusanya kwa miezi saba, Dodoma hulikusanya kwa wiki kumi. Alinyamaza kidogo, akaiangalia ile bahasha, akasema, "Kumbe nilikuwa naudai mti kitu ambacho haujalipwa."

Mvua ni kinyume chake. Dodoma hupata kati ya milimita 550 na 600, karibu yote kuanzia Desemba hadi Aprili, halafu anga hufungwa. Cardiff hupata kama 1,150, na hainyeshi kwa fujo. Inadondoka kidogo kidogo mwaka mzima, ikiacha majani yamelowa siku nzima. Kwa hiyo mkulima wa Dodoma kazi yake yote ni kutunza maji, maana joto anapewa bure. Wa Cardiff anapewa maji bure, na kila pigo la mkasi wake linapaswa kununua joto na upepo. Ukilishika hilo, makosa ya shangazi yanajipanga yenyewe.

Anza na ukuta. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua hupita karibu na utosi, na mtu hana sababu ya kuuliza ukuta unatazama wapi. Cardiff iko nyuzi 51 na nusu kaskazini. Jua linapita upande wa kusini, na Septemba, wakati zabibu zinaiva, limeshaanza kupita chini. Ukuta unaotazama kusini hunywa joto mchana na kulirudisha jioni. Ule wa jikoni kwa shangazi ulikuwa ni kivuli.

Halafu kupogoa. Nyumbani mzabibu haulali usingizi wa kweli. Anayeuamsha ni mkulima: ukipogoa leo, baada ya miezi minne hivi unavuna, na ndiyo maana Dodoma ina mavuno mawili kwa mwaka, ya Februari na Machi, na ya Agosti na Septemba. Shangazi alipogoa Cardiff mwezi Februari, vizuri kabisa, kisha akapogoa tena kwa nguvu mwezi Juni akitarajia kuuamsha. Mzabibu ulimjibu kwa machipukizi mapya kutoka kila kikwapa cha jani, matawi laini yasiyo na matunda yaliyofunika vichala vya mwanzo na kutumia hilo joto dogo kutengeneza majani. Lile blanketi nililoingiza mkono lilitokana na mkasi wa Juni, na samadi ya kila mwaka ikalinenepesha.

Palizi pia. Alikuwa ameacha udongo mtupu bila jani moja, kama shamba safi la Bihawana, ambako magugu ni wezi wa maji. Pale Cardiff udongo ni mfinyanzi, na nyayo zangu zilijaa maji nilipotembea. Magugu yangemsaidia kuyanywa maji hayo.

Aliniuliza kuhusu dawa, na hapa nilimpa jibu ambalo hakulipenda. Mchanganyiko wa mrututu (chumvi ya shaba) na chokaa, ule ambao mtaalamu wa mimea Millardet aliutangaza Ufaransa mwaka 1885 baada ya majaribio ya Médoc, karibu na Bordeaux, ndiyo dawa ya asili ya ubwiri vinyoya. Lakini hauuzwi tena Uingereza kwa bustani za nyumbani. Hata ungeuzwa, mti ulioko kivulini na aina isiyoiva usingeponywa na dawa. Ningekuwa nampotezea pesa.

Kilima chekundu

Kutoka juu ya mtaa wao unaiona Castell Coch, ngome nyekundu iliyoko msituni juu ya kijiji cha Tongwynlais. Shangazi aliwahi kuitembelea na akasimuliwa kwamba bwana tajiri aliyeijenga upya, Marquess wa tatu wa Bute, alipanda mizabibu pale mwaka 1875, na sasa hakuna hata mche mmoja. Alikuwa ameichukua kama faraja: ikiwa mtu yule mwenye fedha zote zile alishindwa, yeye ni nani?

Sioni kwamba Bute alishindwa, na nilimwambia hivyo. Mkulima wake mkuu, Andrew Pettigrew, alitumwa Ufaransa kujifunza, wakachagua mteremko unaotazama kusini, wakapanda aina ya Gamay inayoiva mapema kuliko Cabernet. Miaka mingine walipata karibu hasara tupu, na mwaka 1893 ulikuwa wa baraka. Mvinyo wao ulihitaji kuongezwa sukari, na vita vya 1914 vilipoleta uhaba wa sukari, kazi ikafa. Miti iling'olewa 1920. Yaani mizabibu ilisimama kwenye kilima kile kwa miaka 45. Walichokosa ni aina inayofaa, na aina hizo hazikuwa zimezaliwa bado.

Zimezaliwa baadaye. Solaris ilitengenezwa Freiburg, Ujerumani, mwaka 1975. Ni zabibu nyeupe inayoiva mapema sana na kuhimili ubwiri vizuri. Rondo, nyekundu, ilitokana na kazi iliyofanyika Chekoslovakia mwaka 1964. Zote mbili zina damu ya mzabibu mwitu wa bonde la mto Amur, kule mashariki ya mbali ya Asia, uliozoea majira mafupi. Mimi ni mtetezi wa aina hizi bila kuona haya. Kuna wapenda mvinyo wanaozidharau kwa sababu majina yake hayana historia. Kwa mtu mwenye ua mdogo mahali penye mvua, asiye na trekta wala dawa, ndizo zinazompa matunda ya kuvuna.

Tulichokifanya

Februari 2022 nilirudi na miche sita, minne ya Solaris na miwili ya Rondo. Tuliipanda kwenye uzio wa mwisho wa bustani, ambao uso wake unatazama kusini, mita moja na nusu kati ya mche na mche. Shangazi hakukubali kung'oa Cabernet zote. Mbili zilitoka. Ya tatu alinisihi niihamishe, na kwa kuwa ilikuwa imelala tuliichimba na donge lake la udongo tukaipeleka kwenye uzio uleule. Nilikubali kwa heshima tu. Sasa nashukuru, maana ilitupa kipimo cha haki: aina ileile, mahali papya, jirani na aina mpya.

Waya wa chini tuliufunga sentimita 80 kutoka ardhini. Kila kipupwe mzabibu unabakiziwa fito moja ya macho (vifundo vinavyochipua) manane hadi kumi, inayolazwa kwenye waya, na kijiti cha macho mawili cha kuzalisha fito ya mwaka unaofuata. Fito ya pili ya akiba haikatwi mpaka Mei ipite, kwa sababu Solaris huchipua mapema na umande wa barafu wa Aprili unaweza kuunguza macho. Machipukizi husimamishwa wima, majani yakipepea kama nguo kwenye kamba. Kiangazi, mkasi unagusa ncha na vikwapa pekee. Na mwishoni mwa Juni, punje zikishafunga, majani yanayozunguka vichala yanatolewa upande wa mashariki, ili jua la asubuhi likaushe umande kabla ukungu haujapata nafasi.

Hili la mwisho lilimuuma. Dodoma jani ni mwavuli. Ukilitoa, zabibu zinaungua. Alisimama na mkasi mkononi dakika nzima mbele ya kichala cha kwanza. Nilikata la kwanza mimi, la pili yeye. Tulipomaliza upepo ulipita katikati ya mizabibu na vichala vikatikisika kidogo. "Haya, vinapumua," alisema, akaendelea peke yake hadi mwisho wa uzio.

Samadi tuliiacha kabisa. Nyasi tuliziachia ziote chini ya miti, zikifyekwa fupi.

Kilichotokea

Miaka miwili ya kwanza tulitoa vichala vyote ili mizizi ijijenge. Mavuno ya kwanza yaliangukia 2024, na hatukubahatika: kiangazi cha mwaka ule kilikuwa cha baridi kuliko vyote Uingereza tangu 2015. Mwishoni mwa Aprili baridi ya usiku mmoja iliunguza macho ya fito mbili za Solaris, na zile fito za akiba ndizo zilizobeba.

Tarehe 25 Septemba Solaris zilisoma 20 kwenye kioo. Majani yalikuwa na mabaka machache tu ya ubwiri, na vichala vilikuwa safi. Rondo ziliiva lakini nyingi zilitobolewa na yule inzi mdogo wa matunda, Drosophila suzukii, aliyeingia Uingereza 2012 na anayependa zabibu nyekundu zenye ngozi laini. Cabernet tuliisubiri hadi Oktoba 30. Ilisoma 14, ikiwa imeshaangusha nusu ya majani kwa ubwiri. Miaka haifanani, kwa hiyo siwezi kuigawa hesabu hii kwa uhakika, lakini kutoka 11 za ukuta wa jikoni hadi 14 za uzio ni kazi ya jua na mkasi mzuri. Kutoka 14 hadi 20, tena mwezi mmoja mapema, ni kazi ya aina.

Tulipata kilo tano na nusu za Solaris, zikatoa lita tatu na kidogo za mchuzi. Mchuzi wa 20 huchachuka hadi asilimia 11 hivi ya kileo bila kuongezwa sukari, jambo ambalo Pettigrew angelitamani. Tulitumia hamira ya mvinyo, chombo cha kioo chenye kizibo cha kutoa hewa, na chumba kisicho na joto kali. Shangazi aliuonja mvinyo huo Pasaka na kusema una harufu ya nanasi bichi. Mimi niliona uchachu bado uko juu, ila wa kupendeza.

Mwaka 2025 ulikuwa kinyume. Kiangazi kiliandikwa kuwa cha joto kuliko vyote tangu kumbukumbu za Uingereza zianze 1884. Solaris zilikuwa tayari tarehe 6 Septemba, zikasoma 22, kilo 14 katika miti minne. Tungepata zaidi kama si nyigu. Zabibu tamu mapema hivyo, wakati hakuna kitu kingine kitamu mtaani, ni karamu kwao. Wanatoboa punje na kuacha ganda. Wavu tulikuwa nao, ila matundu yake yalikuwa makubwa, wa kuzuia ndege. Wavu wa matundu madogo umeshanunuliwa, na utavalishwa kila kichala mwanzoni mwa Agosti.

Cabernet, katika kiangazi hicho cha ajabu, ilifika 16 na bado ilikuwa inakunja uso. Januari 2026 shangazi alinipigia simu kuniambia kwamba ameshaing'oa, peke yake, kwa jembe alilokwenda kuazima kwa jirani. Hakuniuliza. Aliniuliza tu jinsi ya kulaza fito ya Solaris iliyo jirani ndani ya udongo ili ioteshe mizizi kwenye shimo lile. Nilimweleza: fito ndefu ya mwaka jana, bado imeshikamana na mama yake, izikwe sentimita 15, ncha yenye macho mawili ibaki nje imefungwa kwenye kijiti, na isitenganishwe mpaka kipupwe kinachofuata. Alinitumia picha kesho yake. Ncha iko nje, imefungwa kwa kipande cha kitenge.